Bei ya Hodi

Mgeni anaamka, anajinyoosha,
anahesabu vyumba vyake kuanzia sifuri.
Gigabaiti nne, anasema, zote zangu,
mfululizo, bila ufa wala jirani.

Hajui kwamba chumba cha saba kiko ghorofani,
cha nane kiko ng'ambo ya ukuta,
cha tisa hakijajengwa;
nitakijenga atakapogusa kitasa.

Ndiyo kazi yangu hapa Brno:
kumdanganya mgeni kwa uaminifu.
Yeye akisema "hapa", mimi nasema "pale",
na kati ya hapa na pale kusiwe na hata nusu
ya kufumba na kufumbua.

Ilikuwepo.
Januari, dirisha limeota barafu kwa ndani,
tramu ya mwisho imeshateremka kilima,
nami nimekaa na saa ya kupimia:
sekunde arobaini na moja
mashine pepe kuamka tu, kupiga mwayo tu.
Nikalifungua tumbo la programu.

Lo!
Kwa kila baiti, hata iwe moja,
mtafsiri alikuwa anashika orodha ya maeneo
na kuisoma kutoka juu, mstari kwa mstari,
kama karani anayekudai kitambulisho
kila unapomeza tonge.
Baiti ya pili imekaa ubavuni mwa ya kwanza,
zinagusana mabega,
naye anarudi mwanzo wa orodha,
analamba kidole, anafunua.

Nikamwambia: kumbuka mlango wa mwisho.
Hilo tu. Mistari kumi na miwili.
Anwani mpya ikiangukia eneo lile lile,
ingia, usibishe hodi.
Na hizi kurasa za kilobaiti nne, viraka hivi,
ziache; chukua shuka moja la megabaiti mbili,
tandika mara moja.

Sekunde tisa.
Nilicheka peke yangu
hadi mlinzi Hynek akaja na tochi.

Nikaituma kazi kwa Radomír, Olomouc,
mtu asiyesifu hata supu ya mama yake.
Asubuhi akanijibu kwa maneno matatu:
"Na eneo likihamishwa?"

Nilikasirika kwanza. Halafu nikajaribu.
Nikampunguzia mgeni kumbukumbu akiwa macho,
nikabomoa chumba, nafasi nikaipa mashine nyingine,
naye, kwa ile kasi niliyojivunia,
akaingia bila hodi
akaandika jina lake kwenye kitanda cha mtu.
Haikulia kengele. Hakuna kilichoanguka.
Hilo ndilo lililonitia baridi:
kosa lilipita kwa adabu, limevaa viatu vyangu.

Siku ya tatu jembe nililishika mimi, mwenyeji.
Nililima, sikuvuna.
Jioni nikarudi Lesná, nikafungua sanduku la barua:
bwana Otakar Pešl, tena, kutoka kampuni ya gesi.
Mwaka wa nne tangu ahame.
Sijawahi kumwona. Najua tu kwamba anafuga nyuki
na anadaiwa koruna mia sita.
Yuko mtu, mahali, aliyekumbuka mlango wa mwisho
na hakuna aliyemwambia asahau.

Koti sikulivua.
Nilikaa ngazini, kompyuta magotini,
taa ya ukumbi ikizimika kila dakika mbili
nami nikipunga mkono kuiamsha.

Sasa eneo likihamishwa, likibomolewa,
namba moja inapanda.
Mtafsiri anaitupia jicho kabla ya kuvuka kizingiti:
ni ile ile, anapita;
imebadilika, anasahau yote, anarudi kwenye orodha.

Sekunde tisa zikawa kumi na nusu.
Hiyo moja na nusu ndiyo bei ya hodi.
Radomír ameandika: "Sawa."
Nimeichapisha, nimeibandika jikoni.

Na ile bahasha, kwa kalamu nyekundu: AMEHAMA.
Nimeirudisha posta.
Wiki ijayo, najua, italetwa nyingine.